Kalamu ya kishikwambi

Msomaji wa Tooting, kusini mwa London, anatafuta kompyuta inayogeuka: ukikunja kibodi nyuma, inakuwa kishikwambi cha kuandikia kwa mkono. Anauliza kile kijiti chake tukiiteje.

Tukiite kalamu, basi. Kishikwambi ni neno changa. Watanzania wengi walilizoea kwa Sensa ya Agosti 2022, makarani walipopita na vishikwambi nyumba kwa nyumba, na baadaye vifaa vile wakapewa walimu. Kalamu ni kongwe. Tumeipata kwa Kiarabu, na nyuma yake kuna Kigiriki, kalamos, yaani tete. Tete, wino, risasi, sasa umeme: jina linataja kazi, kwa hiyo halichakai.

Ila dukani jina hilo hufunika vitu viwili, na hapo ndipo fedha hupotea. Ipo yenye ncha ya mpira, ambayo kioo huidhani kidole; haijui umekaza mkono au umelegeza. Napendekeza tuiite kalamu bubu. Ipo na kalamu hai, inayohisi mkazo, na kifaa chake hukuacha uegemeze kiganja bila kuchafua ukurasa. Zile za kampuni ya Wacom nyingi hazina hata betri: huvuta umeme kutoka kwenye bamba lililo chini ya kioo.

Hata kalamu ikiwa hai, anayeandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu aombe kuijaribu kabla hajalipa. Aandike mstari mzima kutoka kulia, na nukta zake zote, aone kama wino unaufuata mkono au unachelewa.