Vizuizi vya alfa
Vizuizi vya alfa hulegeza misuli ya tezi dume, ya shingo ya kibofu na ya mishipa ya damu. Mkojo hupita, presha hushuka. Mzee wa Meru au Embu mwenye tezi dume iliyokua na presha ya juu atauliza: kwa nini doksazosini, mojawapo ya vizuizi hivi, pekee isitoshe, gharama ipungue? Hoja ina uzito. Hata hivyo, mwaka 2000 utafiti wa dawa za presha uitwao ALLHAT huko Amerika Kaskazini uliisitisha doksazosini, kwani watumiaji wake waliopata moyo kushindwa kufanya kazi walikaribia mara mbili ya wale wa klothalidoni, dawa ya kuongeza mkojo. Presha basi ipewe dawa yake. Tezi ipewe tamsulosini, kizuizi cha alfa kisichoshusha presha sana. Gome la Prunus africana, mti wa misitu ya Mlima Kenya, linasifiwa kwa mkojo, si kwa presha. Dozi za kwanza za vizuizi vya alfa huweza kuleta kizunguzungu: anayeamka usiku kwenda chooni aketi kwanza kitandani.