Nani Atanishika? Wanawake Walioipa Heshima Tiba ya Viungo



Kumi la mwisho la Ramadhani hutukuta sisi mafundi tumekaa kwenye charahani mpaka wakati wa daku. Nguo za Idd hazingoji mtu. Mwaka mmoja, katika sisi wanne tunaoshona chumba kimoja, mwenzetu aliamka mkono wa kulia umekufa ganzi na shingo haigeuki. Tulimchua kwa mafuta ya nazi na karafuu, tukamfunga kanga shingoni, akarudi kukaa kwenye kazi. Siku ya tatu mkasi ukamponyoka mkononi. Nguo za wateja kadhaa zikabaki hazijashonwa, pesa zao tukazirudisha, na wengine hawakuja tena.

Tulimwambia aende hospitali kwa wataalamu wa tiba ya viungo, ile ambayo wengine huiita fiziotherapia. Akakataa. Kwanza alisema hiyo ni tiba ya wachezaji mpira na watu waliopigwa na kiharusi. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Na huko nani atanishika?"

Hatukumcheka, maana kila mmoja wetu alikuwa na swali hilo moyoni. Lakini tulipoanza kusoma habari za tiba hii tulikuta swali kama hilo liliwahi kuitikisa London zaidi ya miaka 100 iliyopita, na waliolijibu walikuwa wanawake.

Kabla haijaitwa fiziotherapia

Kutunza mwili kwa mazoezi si jambo geni katika dini yetu. Tunajua habari ya Abdallah bin Amr, radhi za Allah ziwe juu yake, aliyekuwa akifunga kila siku na kusali usiku kucha, mpaka Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, akamzindua kwamba hata mwili wake una haki juu yake. Waganga wa Kiislamu waliokuja baadaye waliifanya haki hiyo kuwa elimu. Ibn Sina, aliyezaliwa mwaka 980 karibu na Bukhara na kufariki mwaka 1037, aliandika katika kitabu chake cha Kanuni juu ya mazoezi, chakula na usingizi kuwa ni nguzo za kuhifadhi afya. Alieleza mazoezi mepesi na mazito, na akaeleza kuchua: kuna kuchua kabla ya mazoezi ili kuutayarisha mwili, na kuchua baada yake ili kuondoa uchovu. Tuangalie neno hilo, kuhifadhi. Hakungoja mtu augue ndipo amtibu.

Mwingine aliyetugusa sisi mafundi ni Bernardino Ramazzini, daktari wa Italia. Mwaka 1700 alitoa kitabu juu ya maradhi yanayoletwa na kazi za watu. Aliwatazama wachimba migodi, wafinyanzi na waoka mikate, na akawatazama mafundi nguo vilevile. Aliona jinsi kukaa kutwa kunavyowapinda migongo na kuwatia ganzi miguuni, na akawashauri wautembeze mwili angalau siku za mapumziko. Aliwataka pia madaktari wamuulize kila mgonjwa: kazi yako ni ipi? Tuliposoma hayo tulitazamana. Zaidi ya miaka 300 imepita, na ni kama alichungulia dirishani kwetu.

Huko Sweden akatokea Pehr Henrik Ling, mwalimu wa mchezo wa vitara. Mwaka 1813 alifungua chuo cha mazoezi mjini Stockholm. Ling aliyapanga mazoezi kwa utaratibu, na sehemu mojawapo ilikuwa ya kutibu: mtaalamu anakisogeza kiungo cha mgonjwa, au mgonjwa anakisogeza mwenyewe huku mtaalamu akimzuia kidogo ili msuli upate nguvu. Elimu hiyo ikaenea Ulaya, na wanawake nao wakaichukua.

Wauguzi wanne wa London

Hapa ndipo linapokuja swali la mwenzetu. Mwishoni mwa karne ya 19, kuchua kulikuwa biashara kubwa London. Wako waliokuwa na ujuzi wa kweli, na wako waliotundika kibao cha kuchua mlangoni huku ndani wakifanya uchafu. Mwaka 1894 jarida la madaktari wa Uingereza likaandika juu ya nyumba hizo, na kashfa ikawa kubwa. Fedheha ikawaangukia wanawake wote wenye kazi hiyo, mwema na mbaya kapu moja.

Wauguzi wanne, Lucy Marianne Robinson, Rosalind Paget, Elizabeth Anne Manley na Margaret Dora Palmer, walikuwa na njia mbili: kuiacha kazi au kuisafisha. Wakaisafisha. Mwaka huohuo wa 1894 walianzisha chama cha wachuaji waliosomea, na wakaweka masharti. Hakuna kumchua mgonjwa bila maelekezo ya daktari. Hakuna kuwachua wanaume, isipokuwa daktari aombe kwa dharura maalumu. Hakuna kujitangaza ovyo magazetini. Hakuna kuwauzia wagonjwa dawa. Na anayetaka kuingia lazima afanye mtihani.

Mashoga zetu, tuyasome masharti hayo taratibu. Mipaka ya kushikana ni miongoni mwa mambo ya mwanzo kabisa kuandikwa katika kazi hii, na walioiandika ni wanawake waliokuwa wakitetea heshima yao na riziki yao kwa pamoja. Chama kile kilipata hati ya kifalme mwaka 1920, na mwaka 1944 kikabadili jina na kuwa chama cha wataalamu wa fiziotherapia cha Uingereza. Kipo mpaka leo.

Vita, polio na vitambaa vya moto

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza mwaka 1914, kundi la wanawake 50 lilipelekwa kuwahudumia askari waliojeruhiwa Uingereza, na idadi ikaongezeka sana kabla vita havijaisha. Marekani nayo iliandaa wanawake wake. Mmoja wao, Mary McMillan, alizaliwa Marekani lakini ujuzi aliupata Uingereza. Mwaka 1921 yeye na wenzake walianzisha chama chao huko Marekani, na yeye akawa rais wake wa kwanza.

Kisha polio. Ugonjwa huu uliwaacha watoto wengi na viungo vilivyopooza, na madaktari wengi waliamini dawa ni kuvifunga viungo hivyo visisogee kabisa. Elizabeth Kenny, muuguzi wa vijijini huko Australia, alifanya kinyume. Alikata vipande vya kitambaa cha sufu, akavitia katika maji ya moto, akavikamua na kuvifunga kwenye misuli iliyokaza. Msuli ukilegea, alimfundisha mtoto kuusogeza upya. Madaktari wengi walimpinga kwa miaka. Mwaka 1940 alikwenda Marekani, na mwaka 1942 taasisi yenye jina lake ikafunguliwa Minneapolis.

Nani katika sisi aliyezaa asiyekumbuka kitambaa cha maji ya moto? Mama zetu na makungwi wametukanda kwacho siku arobaini. Hatusemi kukandwa kwetu na tiba ya Kenny ni kitu kimoja, maana kila kimoja kina makusudi yake. Tunachosema ni kwamba mkono wa mwanamke, maji ya moto na subira havikuwa mambo ya kudharauliwa, na elimu ilipoongezwa juu yake, watoto walisimama.

Kuzuia kabla ya kuumia

Baada ya vita vya pili, wataalamu wa nchi 11 waliunda shirikisho lao la dunia mwaka 1951. Ndiyo sababu tarehe 8 Septemba, siku lilipoanzishwa, sasa ni Siku ya Fiziotherapia Duniani.

Karibu na wakati huo, mwaka 1953, daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha utafiti wao juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva anakaa kutwa, kondakta anapanda na kushuka ngazi kutwa. Makondakta waliugua moyo kidogo kuliko madereva. Basi ni lile lile na mji ni ule ule, ila mmoja anatembea na mwingine amekaa.

Mwaka 1969, karibu na Stockholm, mtaalamu wa kike Mariane Zachrisson Forssell alianzisha skuli ya mgongo. Watu wenye maumivu walikaa darasani kama wanafunzi wakafundishwa mgongo umeumbwaje, mtu akae vipi, ainue mzigo vipi, na afanye mazoezi gani nyumbani. Mgonjwa akaacha kuwa mtu wa kulala tu na kuchuliwa. Akapewa elimu aondoke nayo.

Kwetu Tanzania, wataalamu wengi wa tiba hii wamesomea KCMC, Moshi, na hapa Unguja hospitali ya Mnazi Mmoja ina kitengo chake. Mwenzetu mwishowe alikwenda hospitali, akiwa na dada yake. Aliomba ahudumiwe na mwanamke, akapewa. Na swali la kwanza aliloulizwa lilikuwa lile la Ramazzini: kazi yako ni ipi?

Hakuchuliwa sana. Aliambiwa aonyeshe anavyokaa anaposhona. Ikaonekana kiti chake ni kifupi, mabega yanapanda masikioni na shingo inainama juu ya sindano. Aliambiwa akiinue kiti, akisogeze karibu na charahani, na asimame kila baada ya nusu saa au hivi. Akafundishwa mazoezi machache ya shingo, mabega na mgongo, ya kufanya kila siku. Hakupona kwa wiki moja. Ilichukua miezi, na mazoezi ameambiwa asiyaache.

Sisi wengine watatu, ambao hatukuumwa, tulibadilisha viti vyetu pia. Sasa kila adhana inapotukuta kazini tunanyoosha migongo kwanza, kisha tunakwenda kutia udhu. Dada zetu wanaoinama kwenye mwani, wanaobeba ndoo na wanaokaa kwenye mbuzi kukuna nazi za shughuli nzima, nanyi yanawahusu haya. Ila tahadhari: ganzi isiyoondoka, mguu au mkono unaopoteza nguvu, kushindwa kuzuia haja, au maumivu baada ya kuanguka, hayo si ya kuchua nyumbani. Nendeni kwa daktari mapema.

Mwenzetu siku hizi wateja wakimuuliza kwa nini anasimama simama, huwajibu kuwa mgongo huu ni amana, na mwenyewe atauulizia.

Mwenyezi Mungu atupe afya ya kumuabudu na nguvu ya kutafuta halali, awape shifaa wagonjwa wetu, na awalipe wema wote wanaowahudumia. Amin.