Mlijua Lini, na Mliacha Lini?

Wasee, fanyeni hivi. Fungua tovuti ya kampuni yoyote kubwa ya Uingereza, shuka hadi chini kabisa, kwenye yale maandishi madogo ambayo hakuna mtu husoma. Utapata ukurasa unaosema kampuni imejitolea kuzuia utumwa mamboleo. Kando yake kuna mwingine wa kupinga hongo. Zote mbili zimeandikwa kwa sauti ya kadi ya pole. Mimi huzisoma. Niliacha chuo mwaka wa pili, muda ninao. Na kila nikisoma huwa nauliza swali moja tu: mlijua lini, na mliacha lini?

Swali hilo nimelitoa kwa chokoleti.

Mwaka wa 1901 kampuni ya Cadbury pale Birmingham iliambiwa kuna shamba la kakao linauzwa São Tomé, kisiwa cha Wareno kwenye Ghuba ya Guinea. Sehemu kubwa ya kakao yao ilitoka huko. Sasa, muuzaji alikuwa ameorodhesha mali ya shamba, na katikati ya orodha kukawa na wafanyakazi weusi, wamewekewa bei: pauni 3,555.

Hebu fikiria. Ukiuza duka lako Gikomba utaandika rafu, mzani, friji. Kijana anayekuuzia huwezi kumwekea bei, kwa sababu si wako.

Na hawa Cadbury hawakuwa majambazi. Walikuwa Waquaker, watu wa dini ambayo ilipinga biashara ya watumwa mapema sana. Wafanyakazi wao wa Birmingham walijengewa mtaa mzima, Bournville, nyumba zenye bustani. Hata familia yao ilimiliki gazeti, Daily News, lililopiga kelele kuhusu vibarua Wachina waliokuwa wakiteswa kwenye migodi ya Afrika Kusini. Watu wazuri, kwa kifupi. Ndiyo maana hii hadithi inaniwasha.

Kwa karatasi, São Tomé hakukuwa na utumwa. Ureno ilikuwa imeufuta zamani, kwenye miaka ya 1870. Kulikuwa na vibarua wa mkataba wa miaka mitano, wenye mshahara na haki ya kurudi kwao. Lakini mtu alinunuliwa au kutekwa bara kule Angola, akatembezwa mamia ya kilomita hadi pwani, akasimamishwa mbele ya afisa, akaulizwa kama amekubali kwa hiari. Jibu lake halikuwa na maana yoyote. Muhuri ukapigwa, akapakiwa kwenye meli. Miaka mitano ikiisha mkataba unaongezwa. Karibu hakuna aliyerudi nyumbani kutoka kile kisiwa.

Kwa hivyo mtu akikuambia "lakini walisaini", mkumbushe huyo afisa wa Angola.

William Cadbury alienda Lisbon mwaka wa 1903. Wenye mashamba wakakana, wakamwambia kama haamini atume mtu akaone. Balozi wa Uingereza akamshauri asubiri kwanza, kuna sheria mpya, ipeni nafasi. Uingereza yenyewe ilikuwa inahitaji vibarua wa Msumbiji, koloni la Wareno, kwa migodi ya dhahabu ya Transvaal. Nani angetaka kumkasirisha Mreno?

Wakati kampuni inasubiri, mwandishi mmoja hakusubiri. Henry Nevinson alienda Angola mwaka wa 1904, akafuata ile njia ya bara, akakuta pingu za mbao zimetupwa kando ya njia na mifupa ya walioshindwa kutembea. Kitabu chake kilitoka 1906. Jina lake: A Modern Slavery. Kumbe hayo maneno ya kule chini ya tovuti yana zaidi ya miaka mia moja!

Cadbury nao walituma mtu wao, Joseph Burtt. Kabla ya kufika kisiwani ilibidi ajifunze Kireno kwanza. Alirudi 1907 na ripoti iliyosema kile kile alichosema Nevinson. Mwaka huo huo Waingereza walikuwa wanafuta utumwa kisheria huku kwetu Pwani, na huko London serikali hiyo hiyo inawaambia Cadbury wapunguze kelele, mazungumzo na Ureno yanaendelea. Na kakao ikaendelea kununuliwa.

Hoja ya Cadbury ilikuwa kwamba wakiacha kununua watapoteza sauti, halafu mwingine atanunua tu. Si hoja ya kijinga. Mnunuzi mkubwa ana nguvu, akiondoka nguvu inaondoka naye. Lakini nguvu usiyoitumia miaka yote hiyo, mimi naiita kununua.

Septemba 1908 gazeti la Standard likawaanika, na Cadbury wakalishtaki kwa kuwachafulia jina. Machi 1909, kabla kesi haijasikizwa, ndipo wakatangaza kuacha kakao ya São Tomé. Kutoka ile orodha ya bei hadi hapo ni miaka minane. Mahakamani Birmingham, wakili wa gazeti, Edward Carson, alimuuliza William Cadbury kama amewahi kukadiria ni watumwa wangapi walikufa wakitayarisha kakao yake kwa miaka hiyo. Hakuwa amekadiria. Baraza la wazee wa mahakama likawapa Cadbury ushindi, na fidia ya robo ya peni moja. Robo! Ni kama kuambiwa umeshinda kesi, chukua ndururu uende.

Sasa hongo, msije mkafikiri hizi ni habari za mababu wa wazungu. Smith & Ouzman, kampuni ya kuchapisha karatasi za kura, ilipatikana na hatia London Desemba 2014 kwa kuhonga maafisa, wakiwemo wa tume yetu ya uchaguzi na wa baraza la mitihani. Kwenye barua pepe zao hongo iliitwa "kuku". Ndiyo hiyo Chickengate. Mkurugenzi mmoja alifungwa miaka mitatu, kampuni ikalipishwa karibu pauni milioni 2.2 kwa jumla, na sehemu ya pesa ikatununulia ambulansi. Sheria iliyowanasa ni ya 1906, umri sawa na kitabu cha Nevinson.

Zile kurasa za tovuti je? Sheria ya Uingereza ya 2015 inataka kampuni yenye mapato ya pauni milioni 36 kwenda juu itoe taarifa kila mwaka kuhusu utumwa. Na inaruhusu taarifa hiyo iseme kampuni haikuchukua hatua yoyote. Buda, soma tena hiyo sentensi.

Yetu kwa upande huu ina meno zaidi, angalau kwa karatasi. Sheria ya Hongo ya 2016 inasema mtu mwenye mamlaka, serikalini au kampuni binafsi, akijua au hata akishuku hongo, aripoti kwa EACC ndani ya saa 24. Kama umeajiriwa mahali, uliza nani hapo hupeleka hiyo ripoti. Uliza kesho asubuhi, kabla ya chai.