Kuponi ni akiba kwa anayekwenda dukani na orodha

Kuponi ni cheti kidogo, cha karatasi au cha kielektroniki, kinachompa mnunuzi haki ya kupunguziwa bei ya bidhaa fulani au kupewa bidhaa bila malipo. Kwa familia ambayo sehemu kubwa ya mapato yake huishia kwenye unga, sukari, mafuta ya kupikia, maziwa na sabuni, punguzo la shilingi chache kwa kila pakiti si jambo la kudharau. Hata hivyo, kuponi haikubuniwa ili kumpunguzia mteja gharama ya maisha. Ilibuniwa ili kuuza bidhaa. Anayefaidika nayo ni yule anayejua, kabla hajaingia dukani, anahitaji nini na bei yake ya kawaida ni ipi.

Asili ya kuponi

Mwishoni mwa miaka ya 1880, mjini Atlanta nchini Marekani, mfanyabiashara Asa Candler alianza kusambaza vyeti vilivyompa kila aliyekuwa navyo glasi moja ya Coca-Cola bure. Wakati huo kinywaji hicho kilikuwa kigeni na glasi yake iliuzwa kwa senti tano. Candler alitaka watu waonje ili wapate kurudi na pesa zao.

Mnamo 1896, kampuni ya Sperry & Hutchinson, pia ya Marekani, ilianza kuyauzia maduka stempu za kijani. Mteja alipewa stempu kulingana na kiasi alichotumia, akazibandika kitabuni, na kitabu kilipojaa akakibadilisha kwa vyombo vya nyumbani. Kadi za pointi zinazotolewa na maduka makubwa ya leo zinafuata mtindo huo huo. Uchumi wa dunia ulipoporomoka katika miaka ya 1930, kuponi zilienea zaidi miongoni mwa familia za Marekani zilizokuwa zikihesabu kila senti.

Nchini humo, punguzo la kuponi nyingi hulipwa na mtengenezaji wa bidhaa wala si mwenye duka. Duka humpunguzia mteja bei, hukusanya kuponi zilizopokelewa, kisha humdai mtengenezaji fedha hizo. Ndiyo sababu baadhi ya maduka humruhusu mteja kutumia kuponi ya mtengenezaji na ya duka kwa bidhaa moja.

Hali ilivyo Kenya

Desturi ya kukata kuponi magazetini haikukita mizizi nchini Kenya. Mahali pake pamechukuliwa na njia nyingine zenye lengo lilo hilo.

Njia ya kwanza ni ofa za muda, ambazo hutangazwa magazetini, katika vijikaratasi, kwenye simu au rafuni, hasa mwisho wa mwezi watu wanapopokea mishahara. Ya pili ni pointi zinazowekwa kwenye kadi au nambari ya simu ya mteja kila anaponunua. Ya tatu ni vocha za zawadi, ambazo baadhi ya waajiri huwapa wafanyakazi wao wakati wa Krismasi. Aidha, kuna pointi zinazotoka nje ya maduka, kama vile Bonga Points za Safaricom zilizoanzishwa 2007, ambazo mnamo 2020 wateja waliruhusiwa kuzitumia kulipia bidhaa madukani.

Hesabu ndiyo huamua

Tuseme duka linatoa pointi moja kwa kila Sh100 na pointi hiyo ina thamani ya Sh1. Familia inayotumia Sh15,000 kwa mwezi itajipatia Sh150, yaani Sh1,800 kwa mwaka. Hizo ni fedha za kununulia mahitaji halisi, mradi familia ingenunua bidhaa hizo hata bila pointi. Ikiwa kwa ajili ya pointi hizo inaongeza bidhaa za Sh500 ambazo haikuzihitaji kila mwezi, itakuwa imetumia Sh6,000 zaidi kwa mwaka ili kuokoa Sh1,860. Vivyo hivyo, anayeliacha duka la jirani na kulipa nauli ya Sh100 kwenda na kurudi ili afuate punguzo la Sh80 amepata hasara ya Sh20, mbali na muda wake.

Ofa ya kupunguziwa Sh500 kwa anayenunua bidhaa za Sh5,000 nayo inahitaji tahadhari. Mwenye orodha ya Sh5,000 ameokoa asilimia 10. Lakini mwenye orodha ya Sh3,800 anayeongeza bidhaa za Sh1,200 ili afikie kiwango hicho atalipa Sh4,500. Ametoka nyumbani akikusudia kutumia Sh3,800 na amerudi akiwa ametumia Sh700 zaidi.

Kadhalika, bei ya pakiti pekee haitoshi kumwongoza mnunuzi. Mathalani, mtungi wa mafuta wa lita tatu unauzwa Sh900 na una kuponi ya Sh100. Mnunuzi atalipa Sh800, ambayo ni takriban Sh267 kwa lita. Kando yake kuna mtungi wa lita tano wa kampuni nyingine wa Sh1,250, usio na kuponi yoyote. Huo ni Sh250 kwa lita. Asiyegawanya bei kwa kipimo ataondoka na mtungi wenye kuponi akidhani ameokoa, ilhali amelipa zaidi kwa kila lita.

Ofa ya kununua pakiti mbili na kupewa ya tatu bure ni sawa na punguzo la theluthi moja ya bei, endapo zote tatu zitatumika. Kwa sabuni au chumvi hakuna shaka. Kwa maziwa, mkate au mtindi, pakiti ya tatu ikiharibika, mteja amelipa bei ile ile ya kawaida. Ni muhimu kukagua tarehe ya mwisho ya matumizi, kwani bidhaa zinazokaribia tarehe hiyo mara nyingi ndizo hupunguzwa bei.

Kuponi ni ahadi

Thamani ya pointi na vocha inategemea uhai wa duka lililozitoa. Wakenya wamejifunza hayo kwa uchungu. Nakumatt, iliyowahi kuwa na matawi katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki na kadi iliyobebwa na wateja wengi, iliwekwa chini ya msimamizi Januari 2018. Miaka miwili baadaye, Januari 2020, wadai wake walipiga kura kampuni hiyo ivunjwe. Duka likifunga milango, kadi haina pa kutumika, na mwenye pointi hana mlolongo wa matawi ya kukimbilia. Kwa sababu hiyo, si busara kulimbikiza pointi kwa miaka mingi kama fedha zilizo benki. Zitumiwe mara zinapotosha kununua kitu kinachohitajika.

Masharti nayo yasomwe. Kuponi huwa na tarehe ya mwisho, aina ya bidhaa, ukubwa wa pakiti na wakati mwingine tawi maalumu. Isitoshe, nambari ya simu inayoandikishwa ili kupata pointi hulipa duka kumbukumbu ya kila kinachonunuliwa na familia. Hiyo ni sehemu ya malipo ya mteja kwa punguzo analopewa.

Haki za mnunuzi

Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike kikamilifu na anachonunua. Sheria ya Ushindani ya 2010 inapiga marufuku habari za uongo au za kupotosha kuhusu bei, na malalamishi hupelekwa kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Mara nyingi, hata hivyo, tatizo huweza kumalizwa papo hapo kwa kulinganisha bei ya rafuni na ya risiti kabla ya kuondoka kwa keshia.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Familia inayotaka kuokoa inahitaji daftari la bei za bidhaa 15 au 20 inazonunua kila mwezi, pamoja na kipimo cha kila moja. Orodha iandikwe kwanza, kuponi zitafutwe baadaye. Ofa ikilingana na orodha na bei yake ikiwa chini ya ile ya daftari, inunuliwe. La sivyo, iachwe rafuni, na fedha zilizobaki zihifadhiwe kwa ajili ya karo au kodi ya nyumba.