Nishani za kijeshi: Kipimo ni ushujaa au cheo?

NISHANI ya kijeshi hutunukiwa askari kwa tendo la ushujaa au kwa utumishi uliotukuka. Mambo haya mawili huchanganywa mara nyingi, na hapo ndipo lalama za upendeleo huzuka: je, askari wa kawaida na afisa waliokabili hatari ile ile hupewa heshima iliyo sawa? Kaskazini Mashariki mwa Kenya, swali hilo ni la tangu enzi za ukoloni.

Mwanzoni mwa 1941, Garissa, kando ya Mto Tana, ilikuwa kituo cha majeshi ya Uingereza yaliyojiandaa kuwashambulia Waitaliano nchini Somalia. Miongoni mwao walikuwemo askari wa King's African Rifles, jeshi ambalo wazee wetu waliliita Keya. Februari walisonga hadi Mto Juba, Kismayu ikatwaliwa, na baadaye wakaingia Ethiopia.

Mei 19, 1941, huko Colito, kusini mwa Ethiopia, Sajini Nigel Leakey wa batalioni ya 1/6 aliruka juu ya kifaru cha adui, akaufungua mfuniko wake kwa nguvu na kuwapiga risasi waliokuwa ndani isipokuwa dereva. Alipotoka tena kuvikabili vifaru vingine, aliandamana na sajini-meja Mwafrika na askari wengine wawili. Leakey aliuawa. Mnamo 1945 alitunukiwa Victoria Cross, nishani kuu ya ushujaa ya Uingereza. Maelezo rasmi ya nishani hiyo yanawataja wenzake kwa vyeo tu, bila majina.

Victoria Cross haikubagua cheo tangu ilipoanzishwa 1856, ndiyo maana sajini aliweza kuipata. Lakini Leakey alikuwa Mzungu, mzaliwa wa Kiganjo, na hakuna askari Mwafrika wa Keya aliyewahi kuipewa.

Katika nishani za chini yake, cheo ndicho kilichoamua. Military Cross ilitengewa maafisa wa ngazi za chini na waranti-afisa, ilhali sajini, koplo na askari wa kawaida walipewa Military Medal, hata tendo likiwa lile lile. Katika Keya mpaka wa cheo ulikuwa pia mpaka wa rangi, kwa kuwa maafisa walikuwa Wazungu. Kwa miaka mingi Waafrika walikuwa hata na medali yao ya pekee ya DCM, tofauti na waliyopewa askari wa Uingereza. Uingereza yenyewe ilirekebisha kasoro hiyo 1993, serikali ya John Major ilipoifuta Military Medal na kuifungua Military Cross kwa vyeo vyote.

Kenya huru ina nishani zake. Katiba ya 2010 humpa Rais mamlaka ya kuzitoa kwa niaba ya wananchi, na sheria ya 2013 iliunda kamati ya kumshauri. Nishani ya Moyo wa Dhahabu, kwa mfano, ina daraja tatu: Chifu, Mzee na Moran. Wakuu wa majeshi huwa na herufi kama EGH nyuma ya majina yao. Si vibaya, maana wadhifa mkubwa ni utumishi mkubwa. Tatizo hutokea ngazi hiyo hiyo inapotumiwa kupima ujasiri.

Kikwazo kingine ni mapendekezo. Askari hawezi kujipendekeza. Huhitaji mkubwa wake aliyeliona tendo na kuliandika. Kambi inapozidiwa, kama ilivyokuwa El Adde, nchini Somalia, Januari 15, 2016, mashahidi hao nao huenda wakawa miongoni mwa waliokufa.

Raia nao wamo. Desemba 2015, katika Kaunti ya Mandera, mwalimu Mwislamu Salah Farah alipigwa risasi wavamizi walipotaka abiria wa basi watenganishwe na Wakristo. Alifariki Januari 2016, na Machi mwaka huo Rais Uhuru Kenyatta akamtunukia OGW, nishani ambayo maafisa wa serikali pia hupewa kwa kazi za ofisini.