Ua la Krismasi lilikuwa na jina lake

Ikifika Januari, huku Kisauni utakuta poinsetia zimetupwa jalalani na mikebe yake, ati Krismasi imeisha. Kumbe kwao Mexico ni mti wa miaka, unampita mtu urefu. Wasemaji wa Kinahuatl waliuita cuetlaxochitl na kutoa rangi kwenye majani yake mekundu, zamani sana kabla Joel Poinsett, balozi wa Marekani, hajautuma kwao South Carolina miaka ya 1820. Jina likawa lake. Huyo huyo, akiwa Waziri wa Vita kuanzia 1837, alisimamia kufukuzwa kwa Wacherokee kwenye ardhi yao. Mimi jina lake naliandika hapa tu; nyumbani tunasema ua la Krismasi, basi.

Letu lina miaka sita. Likishachakaa, mamangu hulikata libaki shibiri moja (ule utomvu mweupe usikuingie machoni), akalihamishia debe lenye matundu. Maji, mpaka udongo wa juu ukauke. Tabu ni taa ya mulika mwizi. Bila giza la saa 13 au 14 mfululizo, kila usiku kwa wiki kama nane, majani hayageuki mekundu. Basi kuanzia Oktoba tunalifunika pipa jeusi saa 11 jioni, tunalifunua saa 1 asubuhi. Majirani huuliza kama tumeanza kufuga kuku.