Mpira Nyuma ya Kufuli

Mambo makubwa mara nyingi huamuliwa chumbani na watu wachache. Tarehe 18 Mei 1992, wakuu wa klabu 22 za Uingereza zilizokuwa zikianzisha Ligi Kuu walikutana hotelini London kuamua nani auziwe haki ya kuonyesha mechi zao. Upande mmoja ulikuwa ITV, kituo kilichotazamwa bure. Upande wa pili kampuni ya setilaiti ya BSkyB, ambayo Rupert Murdoch alikuwa na hisa ndani yake, nayo ilikuwa imekwisha kula hasara kubwa. Klabu 14 ziliichagua BSkyB, 6 zikakataa, 2 hazikupiga kura. Mwenyekiti wa Tottenham, Alan Sugar, aliiunga mkono; kampuni yake ya Amstrad ndiyo iliyotengeneza madishi. Mkataba ulitajwa kuwa wa pauni milioni 304 kwa miaka 5, BBC ikibaki na muhtasari wa mechi.

Jumapili ya kwanza, 16 Agosti, Nottingham Forest iliifunga Liverpool 1-0. Kufika tarehe 1 Septemba, chaneli ile ilikuwa ya wanaolipa tu.

Nikilitafakari jambo hili, naona kilichouzwa ni kufuli. Picha ya mpira ilikuwapo tangu zamani. Thamani mpya ilitokana na uwezo wa kumzuia mtu asiione. Sikatai kwamba fedha zile zilivutia wachezaji hodari na kuzinenepesha klabu. Lakini Waingereza wenyewe waliona lazima pawe na mpaka. Sheria yao ya utangazaji ya 1996 ililinda Olimpiki, fainali za Kombe la Dunia na fainali ya Kombe la FA, ili vituo vya bure visinyimwe nafasi ya kuzionyesha.

Sisi huku Tanzania tulilipokea kufuli likiwa tayari, tukalijibu kwa kibanda umiza: king'amuzi kimoja, mabenchi ya mbao, na mtu mlangoni akikusanya hela. Humo nimemwona mzee mstaafu na mbeba mizigo wakibishana kuhusu kuotea kama ndugu. Nje nimemwona mtoto asiye na kitu akichungulia kwenye tundu la bati.

Sasa na ligi yetu imeingia humo. Mwaka 2021 Azam Media na TFF walitia saini mkataba wa miaka 10 wa zaidi ya shilingi bilioni 225. Klabu ndogo zinazihitaji fedha hizo, na mtu mwenye akili hawezi kuziombea zikatike.

Hata hivyo, kila jamii ina haki ya kuamua kitu gani kisifungiwe kamwe. Mimi orodha yangu ningeianza na mechi za Taifa Stars. Timu inayovaa rangi za bendera ni mali ya kila anayelipa kodi, wakiwemo wazazi wa yule mtoto, ambao huilipa kila wanaponunua sabuni.